Mto Chini ya Barabara

Kituo cha Hali ya Hewa, mlimani
Tarehe 2 Februari

Dada yangu mpenzi,

Sijafa. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiona bahasha yangu kitu cha kwanza ni kushika kifua. Gari la mizigo lilikwama kwenye tope, ndiyo maana umekaa muda wote huo bila neno langu. Simu, kama unavyojua, huku ni pambo. Yangu naitumia kuniamsha.

Kazi ni ileile. Asubuhi natoka na koti la mvua, nasoma kipimamvua na kipimajoto, naangalia upepo unatoka wapi, halafu naingia ndani kusoma tarakimu zangu redioni. Yule bwana wa makao makuu, ambaye sijawahi kumwona uso, hunijibu neno moja: "Nimepata." Miaka yote hii mazungumzo yetu ni hayo. Nadhani nikioa tena nitamwalika.

Wiki hii ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Ukinyosha mkono, vidole vinapotea. Na ukungu huu una tabia moja, dada: unanirudisha mtoni. Nimekaa dirishani na chai, sioni hata nguzo ya bendera, lakini nauona ule mto wetu kama uko uani. Unakumbuka ulivyokuwa ukibadili rangi? Kiwanda cha nguo kilikuwa kikimwaga maji yake juu kidogo ya daraja la mbao, basi sisi wa huku chini tulikijua kitambaa kabla hakijafika dukani. Siku ya nyekundu, siku ya buluu, siku ya kijani ambayo mama alikuwa akisema mto umekula mboga. Na jioni kiwanda cha sabuni kikifungua mabomba yake, povu linateremka jeupe, kubwa, mto mzima umejaa mito ya kulalia. Tukilikimbiza ukingoni, tukilichota, tukilipuliza kwenye nywele za watu wazima waliokuwa wakitoka kazini.

Tulikuwa watatu. Wewe, mimi, na kasichana kamoja kenye viatu vya plastiki vyekundu. Alikuwa nani yule? Wa jirani? Nakumbuka hata mgongo wake. Mara nyingine tulilazwa kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, naye alikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Sura siioni. Naviona viatu tu.

Na jingine. Hivi tulifuga njiwa? Namwona mama amesimama ukingoni, nguo zimelowa, anaita, "Njiwa! Njiwa weee!" na angani hakuna njiwa hata mmoja. Baba anamvuta mkono, mama hasogei. Nadhani ni baada ya hapo ndipo tulipohamia ghorofani. Banda lao lilikuwa wapi?

Mwenzangu wa zamu ananiita kitindamimba, eti nadeka. Nikamwambia mama hakuruhusu mtu aniite hivyo. Wageni wakisema, "Huyu ndiye kitindamimba wenu?" alikuwa akiwakatiza: "Huyu si wa mwisho." Sijui alikuwa bado na mipango gani!

Msalimie mama. Mwambie miguu yangu ni mikavu.

Mdogo wako,
Chiriku


Nyumbani
Tarehe 20 Februari

Chiriku wangu,

Nilishika kifua, ndiyo, na mfanyakazi wa posta akaniuliza kama nataka maji.

Sisi wazima. Karakana ya baba bado ipo, ingawa siku hizi watu hawatengenezi makochi; wananunua yale yanayokuja yamefungwa nailoni, yakibonyea wanayatupa barabarani. Waliobaki ni wale wenye makochi ya urithi. Juzi nimefumua kochi la mwanasheria mmoja, ndani yake nikakuta vijiko, kifungo cha koti na meno ya bandia ya juu. Yule bwana akayatazama, akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Sasa yule mbwa mliyemfukuza mtamwomba radhi vipi?"

Habari kubwa ya mjini ni kwamba wanaivunja barabara kuu, hii inayopita chini ya dirisha letu. Lami ilikuwa ikititia, na kila mvua maji yanabubujika kwenye mashimo kama chungu kinachochemka. Sasa halmashauri imeamua kuufukua mto uliofunikwa sisi tukiwa wadogo. Watapanda miti kandokando, wataweka viti, watu wapumzike. Waliufunika kwa ajili ya maendeleo, na sasa wanaufunua kwa ajili ya maendeleo. Sisi kazi yetu ni kufuta vumbi.

Mama naye amepata ajira. Kila asubuhi akimaliza chai anashuka ngazi, ngazi kwa ngazi na fimbo yake, anakwenda kwenye uzio wa mabati kutazama tingatinga likichimba. Msimamizi wa pale, jamaa mnene mwenye sauti ya upole, amemtengea kiti cha plastiki penye mwanya. Wafanyakazi wanamwamkia kama bosi. Anakaa mpaka jua linapokuwa kali, anarudi, hasemi aliona nini. Anapenda mashine, basi. Wazee huwa hivyo.

Kuhusu maswali yako: ndiyo, walikuwepo njiwa. Mafuriko yalipokuja waliruka. Na yule msichana alikuwa wa jirani, wazazi wake walihama, sikumbuki hata walikwenda wapi. Usijisumbue kichwa na mambo ya zamani hizo. Ukungu wako huo utakufanya uandike mashairi.

Vaa soksi mbili.

Dada yako


Mlimani
Tarehe 11 Machi

Dada,

Kumbe walikuwepo! Hujui ulivyonifurahisha. Tangu nilipopata barua yako nimewajengea banda kichwani: juu ya choo cha uani, mbao zile nyembamba za masanduku ya sabuni, na maandishi ya kiwanda bado yanasomeka ubavuni. Nawaona weupe. Mmoja ana madoa ya kijivu shingoni. Nawaona wakinywa maji ya mto siku ya buluu, na mimi nangoja kuona kama watageuka buluu.

Usiku huota mji mzima kama ulivyokuwa. Sioti watu sana, naota njia. Naota ule uchochoro wa fundi saa, ulivyokuwa mwembamba hata mtu mwenye mwavuli ilimbidi aufunge. Naota king'ora cha kiwanda na akina mama wote wakiinua vichwa kwa pamoja. Nikiamka nasema, nikishuka safari hii nitapita kule, halafu nakumbuka kwamba kule sasa ni kituo cha mafuta na duka la simu, na uchochoro umemezwa na ukuta wa benki. Lakini mtu hukulia wapi, dada, kama si mahali ambapo hapapo tena? Wewe uliyebaki sijui unafanyaje. Unapita kila siku juu yake.

Kitu kimoja hakikai sawa. Mwenzangu wa zamu alikulia kwenye nyumba ya njiwa. Anasema njiwa hata umpeleke mbali umfungie kwenye kikapu, ukimwachia hurudi kwao. Sasa wetu kwa nini hawakurudi? Au walirudi wakakuta nyumba haipo, wakazunguka wee juu ya maji, wakachoka?

Swali hilo limenikaa. Nitamwandikia mama mwenyewe. Najua macho yake hayasomi tena na wewe huna nafasi. Barua nitaituma kwa Mwalimu wa ghorofa ya chini amsomee.

Chiriku


Mlimani
Tarehe 11 Machi

Mama, shikamoo.

Nasikia siku hizi unawasimamia watu wa barabara. Usiwapige fimbo.

Mimi nipo, nakula, nalala. Nina swali moja la kitoto. Dada ameniambia tulifuga njiwa zamani, kule mtoni. Nami nakumbuka ulivyokuwa ukiwaita baada ya mafuriko. Naisikia sauti yako mpaka leo, hasa huku kwenye ukungu. Walikuwa wangapi? Uliwapenda sana, eh? Niambie chochote unachokumbuka juu yao.

Mwanao,
Chiriku


Ghorofa ya chini
Tarehe 26 Machi

Bwana mdogo,

Mimi ni jirani yenu, mwalimu mstaafu, niliyewahi kukufundisha hesabu bila mafanikio. Nasikia sasa unaishi kwa tarakimu. Mungu ana utani wake.

Barua yako nimemsomea mama yako leo asubuhi, kabla hajakwenda kwenye uzio wake. Nilisoma kwa sauti na kwa kituo kama inavyopasa. Nilipofika penye njiwa aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena ile sehemu ya sauti yake. Kisha akaweka kikombe chini, akasema, "Kumbe alinisikia."

Nilimwuliza kama nikuandikie majibu. Akasema, "Dada yake atamwandikia. Nimempa ruhusa." Halafu hakwenda kwenye uzio. Alipanda juu, na mimi nikampandisha.

Sikuelewa, na sikuuliza. Niliishi na mke wangu hadi alipofariki, nikajifunza pa kutouliza.

Akuombeaye heri,
Mwalimu


Nyumbani
Tarehe 4 Aprili

Chiriku,

Tafuta mahali pa kukaa, ndipo usome. Ikiwa uko zamu, maliza zamu kwanza.

Hatukuwahi kufuga njiwa.

Njiwa alikuwa mtoto. Alikuwa dada yako, pacha wako, aliyezaliwa nyuma yako kabla mkunga hajamaliza kukufuta. Wewe ulitoka ukipiga kelele, baba akasema, "Huyu chiriku." Yeye alitoka akiguna kwa sauti ya chini, kama njiwa juu ya bati, na jina likawa hilo. Majina yenu ya vyeti hayakuwahi kutumika nyumbani. Viatu vyekundu ni vyake. Mgongo ule ni wake. Mlilala hivyo kila usiku, hakuna aliyekuja kulala mara mojamoja. Na ndiyo maana mama hakutaka uitwe kitindamimba. Wewe hukuwa wa mwisho. Wa mwisho alikuwa yeye.

Hamkuwa mmetimiza miaka minne. Haya nakuambia kama nilivyoambiwa, kwa sababu mimi nilikuwa shuleni na baba alikuwa karakana. Mjini mvua ilikuwa ya kawaida. Iliyoharibu ilinyesha juu huko, wewe unayajua mambo hayo kuliko mimi. Mchana mto ukapanda ghafla. Mama akakufunga mgongoni kwa shuka, akamchukua Njiwa mkononi, akatoka kwa mlango wa uani. Ukuta wa uani ukaanguka. Maji yakampiga mama miguuni, akazama, na alipoinuka mkono ulikuwa mtupu. Wewe ulikuwa bado mgongoni.

Walimtafuta mpaka mto unakoishia. Hawakumwona. Siku zote hizo mama alisimama pale ukingoni akiita. Ndicho unachokumbuka. Hukukosea, ila hukuwa na wa kukueleza.

Nawe ukanyamaza. Wewe, uliyekuwa ukiropoka hata usingizini, hukusema neno. Hukula. Ulikonda mpaka masikio yakawa makubwa. Tukakupeleka kwa daktari, naye akasema, mtoto wa umri huu husahau, msimkumbushe, mwacheni asahau. Mama akatuahidisha, mimi na baba. Baba akakusanya nguo za Njiwa, akazipeleka sijui wapi. Tukahamia huku juu. Na asubuhi moja ukaamka ukaomba mkate, ukaanza kuongea tena, na hukumuulizia. Mama aliingia bafuni akafunga mlango. Alipotoka alisema, "Mmoja amenirudia." Tangu siku hiyo tuliogopa kwamba jina lile likitajwa utanyamaza tena, na safari hii moja kwa moja. Ukakua. Woga nao ukakua nawe. Baba amekwenda kaburini na jina lile moyoni.

Mwaka uliofuata wakaufunika mto, wakatandika barabara juu, magari yakaanza kupita. Mama alikuwa akisema magari yanampigia kelele mtoto.

Sasa wamefunua. Mama hapendi mashine, Chiriku. Nilikudanganya. Anakwenda kumngoja. Anajua haiwezekani, akili yake iko timamu kuliko yangu, lakini hakupata kumzika, na mtu asiyezika hana pa kuacha kungoja.

Sijui nikuambie nini tena.

Dada yako


Mlimani
Tarehe 21 Aprili

Dada,

Nimeisoma.

Leo imenyesha sana. Niliposoma tarakimu zangu redioni, yule bwana wa makao makuu badala ya "nimepata" akauliza, "Uko sawa, ndugu?" Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu.

Nimeomba likizo. Gari la mizigo likija nateremka nalo.

Chiriku


Nyumbani
Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Umeondoka bila kuniaga. Nimepanda juu na mkate wa asubuhi nikakuta kitanda umekitandika kama cha hotelini, ndipo nikajua una hasira hasa. Mtu aliye kwao huacha shuka limejikunja.

Muda wote uliokaa, kwa mama ulikuwa mtoto, kwangu ulikuwa mpangaji. "Ahsante kwa chakula." "Naomba kupita." Nilitamani unitukane. Ulisema neno moja tu, pale mlangoni mwa karakana, mimi nina misumari mdomoni siwezi hata kujibu: "Wewe ulikuwa na wa kumlilia. Mimi hamkuniachia hata wa kumsahau." Ukaenda zako. Niliitema ile misumari mmojammoja mkononi, nikakaa juu ya kochi la watu.

Ni kweli. Sina la kulipinga. Ila naomba nawe usikilize la kwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimewafundisha nyote wawili kutembea, kwa sababu mama alikuwa na mikono miwili na nyumba nzima. Nilitoka shuleni na mkoba mgongoni nikakuta nyumba ni tope. Na baada ya hapo sikuwa na ruhusa ya kulia, kwa kuwa wewe ulikuwa ukitutazama nyuso zetu mchana kutwa. Mtoto aliyenyamaza hutazama sana. Basi nilikuwa nikishuka karakana, najichimbia katikati ya sponji za baba kule nyuma. Sponji inameza sauti. Baba alijua. Hakuja kunitoa, hakusema kitu. Alikuwa akianza kupigilia misumari kwa nguvu, hata pasipo na kitu cha kupigilia, mpaka nimalize. Hivyo ndivyo nilivyojifunza ufundi wangu. Niliingia mle kulia, nikatoka fundi.

Kwa hiyo usidhani tulikuwa na msiba tukakunyima. Hatukuwa nao hata sisi.

Nina ombi moja. Siku ile mliyoingia ndani ya uzio na mama, mlirudi mmelowa mpaka magotini. Mama akala, akalala mchana kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo haendi tena kukaa pale. Kiti chake msimamizi amekirudisha mwenyewe mlangoni kwetu. Sikuuliza, kwa jinsi mlivyokuwa. Naomba uniambie kilichotokea.

Dada


Mlimani
Tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Nisamehe kile kitanda.

Nitakueleza kama nilivyoona.

Asubuhi ile mama aliniambia, "Vaa viatu usivyovipenda." Tukashuka. Yule msimamizi akatupokea: "Mama, leo umeleta mgeni." Mama akamjibu, "Si mgeni. Ni wa kwake." Sijui msimamizi alikuwa ameshaambiwa nini wakati wa vikao vyao vya pale kwenye mwanya, lakini hakuuliza wa nani. Alitupa kofia ngumu za njano. Ya mama ilimshuka mpaka kwenye nyusi, akaivua, akasema, "Likiniangukia jiwe kwa umri huu ni sifa." Akavalishwa tena kwa lazima.

Kuna njia ya mteremko ambayo malori hupita. Tuliishuka polepole. Chini kule, dada, utashangaa. Mto ni mwembamba. Mimi niliukumbuka mpana kama uwanja, kumbe ningeweza kuuruka nikikimbia vizuri. Na maji hayana rangi. Viwanda vilishakufa vyote, hakuna anayeupaka rangi tena. Yanapita tu juu ya mawe, unaona mpaka chini. Ukuta wa mawe wa upande ule bado umesimama, na pale juu, palipokuwa na nyumba yetu, kuna mguu wa zege wa barabara.

Mama akavua viatu. Nikamwambia, "Mama, maji ya baridi haya."

"Nimeshaingia humu kwa baridi kuliko hii," akasema, akaingia.

Nikaingia nyuma yake. Nilikuwa nangoja aite. Nilikuwa nimejiandaa, kwa sababu sauti ile nilijua nikiisikia tena nitakuwa mtoto palepale mbele ya watu. Hakuita. Aliinama, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka kazini. Akasimama. Akanipa mkono wake wa kushoto, ukidondoka maji, akasema, "Ni huu."

Sikujua niufanye nini, dada. Nikaushika. Ulikuwa mwepesi na wa baridi. Tingatinga likazimwa. Sijui nani aliwaambia. Ghafla tu kukawa kimya, na wale vijana wote wamesimama na makoleo yao wakiangalia chini. Mama akataja jina la Njiwa, la cheti, lote na la baba. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia. Akasema, "Nimekuja na mwenzako. Nimemaliza kukuita. Lala sasa."

Tukakaa ndani ya maji mpaka miguu yetu ikafa ganzi. Halafu akasema, "Haya twende, dada yenu atadhani tumezama." Akacheka. Akashika mdomo, akanitazama kama aliyevunja sahani. Nami nikacheka. Tukapanda mteremko ule tukicheka na kulia, msimamizi anatusukuma kwa nyuma, kofia zimekaa upande.

Alisema "dada yenu". Sijui kama mwenyewe alisikia. Mimi nilisikia.

Sasa kuhusu hasira. Nilikuonyesha wewe kwa kuwa ulikuwa karibu. Niliyekuwa nimemkasirikia ni yule mtoto aliyeamka akaomba mkate. Nilipokuwa nateremka kwenye lori nilimwona barabara nzima: anatafuna, anaongea, na hamuulizii mwenzake. Lakini barua yako ya sponji nimeisoma mara nyingi, na nimeona kwamba kila mtu kwenye nyumba ile alikuwa akijaribu kumwokoa aliyebaki, kwa namna anayoijua. Baba kwa nyundo. Wewe kwa sponji. Mimi kwa mkate.

Huku ukungu umeondoka. Kunaonekana mbali mpaka macho yanachoka. Nikishuka mwisho wa mwaka nitalala shuka likijikunja, na asubuhi tutakwenda mimi na wewe, tukae kwenye hivyo viti vyao vya maendeleo.

Mwombe mama kitu kimoja. Anipe habari moja ya Njiwa isiyo na maji ndani yake. Mafuriko yake ninayo sasa. Yeye mwenyewe sina.

Mdogo wako,
Chiriku


Nyumbani
Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Dada yako ndiye anayeandika. Nimemkataza kuongeza ya kwake.

Unataka habari isiyo na maji. Ninazo nyingi, nimezikalia miaka hii yote kama kuku. Nakupa hii.

Mlikuwa na miaka mitatu, tukaitwa kliniki kwa chanjo. Nyote nimewavalisha sawasawa, kwa kitambaa kimoja, maana fundi alipunguza bei. Wewe ulianza kulia tangu getini kabla hujaona hata muuguzi. Njiwa akachomwa kwanza. Hakulia. Aliutazama mkono wake pale palipotobolewa kama mtu anayesoma saa, akashuka kwenye kiti. Ikaitwa zamu yako. Ukaingia chini ya benchi, ukashika mguu wa benchi, watu wanakuvuta huku na wewe unapiga mateke, unasema utakuwa mtoto mzuri kuanzia kesho. Mimi nimeinama nakubembeleza, nasikia watu wanacheka nyuma yangu. Kugeuka, namwona Njiwa amepanda tena kwenye kile kiti. Amekunja mkono wa pili wa gauni mpaka begani, amemnyoshea muuguzi, anamwambia, "Huu wa Chiriku."

Yule muuguzi aliweka sindano chini akaita wenzake waje waone. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia yake. Akamwambia, "Mwanangu, haiwezekani, kila mtu na yake." Njiwa hakukubali. Alikaa na mkono wake hewani, foleni nzima inamngoja, mpaka nilipombeba nikamteremsha kwa nguvu. Alinikasirikia mimi, si muuguzi.

Ulichomwa, bila shaka. Kilio chako kilisikika mpaka barabarani, na nusu ya njia ya kurudi hukunyamaza. Naye akatembea kando yako amekushika sikio. Ndivyo alivyokuwa akikubembeleza. Hakuwa mtoto wa kukumbatia watu, yule; alikuwa akishika masikio. Hakulivuta. Alilishika tu, hivi, kwa vidole viwili, mpaka ukapoa.

Mama yako